Soketi zinazobaki TIME_WAIT baada ya kufunga hifadhidata: njia tano, na kila moja inamfaa nani

Unaandika `ss -tan`, amri ya Linux ya kuorodhesha miunganisho, kwenye seva ya programu yako, na skrini inajaa mistari ya TIME-WAIT, yaani soketi zilizofungwa lakini zinazosubiri muda wao uishe, inayoelekea poti 3306 ya MySQL au 5432 ya PostgreSQL. Programu imefunga miunganisho yake kama inavyotakiwa. Hifadhidata yenyewe, ukiiuliza, inasema ina watumiaji wachache tu kwa sasa. Lakini upande wa mtandao zimebaki soketi maelfu, hazina mchakato unaozimiliki, na ukitaka kuziua hakuna cha kuua.

Ukiwauliza wenzako, kila mmoja ana jibu lake. Mmoja atasema ziache, zitaondoka zenyewe. Mwingine atakutumia mistari mitatu ya kubandika kwenye `/etc/sysctl.conf`, faili la mipangilio ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi). Wa tatu atakwambia uhamie soketi ya Unix, wa nne uweke akiba ya miunganisho ndani ya programu, na wa tano uweke katikati PgBouncer, proksi inayogawia wateja wengi miunganisho michache. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa mfumo anaoujua. Hapa nimezipima njia hizo tano kwa vigezo vilevile ili uchague ukiwa unautazama mfumo wako mwenyewe.

## Kinachobaki ni nini hasa

Katika TCP, itifaki inayobeba miunganisho hii, upande unaoanza kufunga ndio unaobaki na kumbukumbu ya muunganisho kwa muda. Kwa PostgreSQL, mteja hutuma ujumbe wa kuaga kisha hufunga soketi papo hapo, kwa hiyo TIME_WAIT hubaki kwake, yaani kwenye seva ya programu yako. MySQL mara nyingi ni hivyohivyo. Hali hugeuka pale hifadhidata inapofunga yenyewe, kwa mfano muda wa `wait_timeout` ukiisha. Hapo kumbukumbu hubaki upande wa hifadhidata.

Sababu ya kusubiri ni mbili. Kwanza, pakiti ya mwisho ya kuthibitisha kufunga inaweza kupotea njiani na kuhitaji kutumwa tena. Pili, pakiti iliyochelewa ya muunganisho wa zamani inaweza kuingia kwenye muunganisho mpya wenye anwani na poti zilezile, na data zikavurugika. Ni kama laini ya simu iliyofungwa: kampuni haimpi mteja mwingine namba hiyo siku hiyohiyo, kwa sababu bado kuna watu wanaoipigia wakimtafuta mwenyewe wa kwanza.

Kanuni ya mwaka 1981, RFC 793, ilikadiria uhai wa pakiti kuwa dakika 2 na ikataka kusubiri mara mbili ya muda huo, yaani dakika 4. Linux inasubiri sekunde 60. Namba hiyo imeandikwa ndani ya msimbo wa kerneli na hakuna mpangilio unaoibadilisha. Nalisisitiza hili kwa sababu maelekezo mengi yanayosambaa yanakutaka upunguze `tcp_fin_timeout`. Mpangilio huo unahusu hali nyingine, FIN-WAIT-2, ambamo upande ulioanza kufunga bado unasubiri upande wa pili nao ufunge. Thamani yake ya kawaida nayo ni 60, na hapo ndipo watu wanapozichanganya. Ukiupunguza hadi 15, soketi za TIME_WAIT zitaendelea kusubiri sekunde 60 zilezile.

Kabla ya kuendelea, hakikisha unachokiona ni TIME-WAIT na siyo CLOSE-WAIT. CLOSE-WAIT maana yake upande wa pili umeshafunga, lakini programu yako haijafunga soketi yake. Hiyo haina kikomo cha muda, inakaa hadi mchakato ufe, na ni kosa ndani ya msimbo wako. Hakuna njia kati ya hizi tano inayoitibu. Tafuta mahali ambapo muunganisho unafunguliwa bila kufungwa hitilafu ikitokea.

## Hesabu inayoamua kama una tatizo

Linux kwa kawaida inatoa poti 32768 hadi 60999 kwa miunganisho inayotoka. Hizo ni poti 28,232. Kila muunganisho uliofungwa unashikilia poti yake kwa sekunde 60 kuelekea anwani na poti ileile ya hifadhidata. Gawanya 28,232 kwa 60, unapata takribani miunganisho 470 kwa sekunde. Ukivuka kiwango hicho mfululizo kutoka anwani moja ya IP kwenda hifadhidata moja, poti zinaisha na programu inaanza kupata kosa namba 99:

```
Cannot assign requested address
```

Kosa hili linapotosha. Linaonekana kama tatizo la anwani, na watu hukimbilia kukagua DNS na ukuta wa moto huku hifadhidata imekaa bila kazi. Mahali linapojitokeza sana ni kwenye mifumo ambayo mzigo wake huja kwa mkupuo: mfumo unaopokea taarifa za malipo ya simu mwisho wa mwezi, au wa matokeo ya mitihani saa yanapotangazwa. Siku nyingine zote ni shwari.

## Vigezo

Nimeuliza kila njia maswali manne. Inafanya nini kwa soketi zenyewe: inazuia zisizaliwe, au inaruhusu tu poti zitumike tena? Unagusa nini: msimbo, mipangilio ya seva, au mpango mzima wa mashine? Inaweza kuvunja nini? Na inamfaa nani?

## 1. Kuziacha kama zilivyo

Inafanya nini kwa soketi. Hakuna. Zitaondoka zenyewe baada ya dakika moja. Kwenye Linux, kila soketi ya TIME_WAIT inachukua kumbukumbu isiyofika kilobaiti moja na haihesabiwi kwenye mafaili yaliyofunguliwa, kwa hiyo haili kikomo chako cha `ulimit -n`. Elfu kumi kati ya hizo ni megabaiti chache tu za RAM.

Unagusa nini. Unapima tu, tena saa ya mzigo mkubwa na siyo usiku:

```
ss -tan state time-wait '( dport = :5432 )' | wc -l
```

Inaweza kuvunja nini. Hatari ipo kwenye kukua. Mfumo unaofungua miunganisho 200 kwa sekunde leo uko salama, lakini ukipata wateja mara tatu utavuka 470 bila mtu kubadilisha mstari mmoja wa msimbo. Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye `ss`: PostgreSQL huzalisha mchakato mzima kwa kila muunganisho mpya, kisha inathibitisha nywila, na kama kuna TLS (usimbaji wa mawasiliano) inafanya mapatano yake pia. Soketi zinaweza zisikusumbue huku muda wa kufungua muunganisho ukimla mtumiaji kwenye kila ombi.

Inamfaa nani. Yeyote ambaye idadi yake saa ya kilele haifiki nusu ya poti zake. Inamfaa pia anayeziona upande wa hifadhidata. Pale, soketi zote zinatumia poti ileile moja ya 3306 au 5432, kwa hiyo hakuna poti zinazoisha. Nimeona watu wakihangaika sana na seva ya hifadhidata iliyo nzima kabisa kwa sababu tu ya urefu wa orodha.

## 2. Kurekebisha kerneli

Inafanya nini kwa soketi. Haizuii zisizaliwe. Inaongeza poti au inaruhusu poti iliyo TIME_WAIT itumike tena mapema.

Mpangilio wa maana zaidi ni `net.ipv4.tcp_tw_reuse`. Ukiuweka 1, muunganisho mpya unaotoka unaweza kuchukua poti iliyokaa TIME_WAIT zaidi ya sekunde moja, mradi pande zote mbili zinatumia mihuri ya muda ya TCP, ambayo kwa kawaida imewashwa. Mihuri hiyo ndiyo inayowezesha kutambua pakiti ya zamani na kuitupa. Tangu Linux 4.19 thamani ya kawaida ni 2: ruhusa ipo, lakini kwa mawasiliano ya ndani ya mashine tu. Ndiyo maana mtu ambaye hifadhidata yake iko kwenye 127.0.0.1 anaweza kuona maelfu ya TIME_WAIT na asipate kosa hata moja. Ukihamia mashine mbili, ruhusa hiyo inapotea mpaka uweke 1. Ukishaweka, usitarajie orodha ya `ss` ifupike sana. Kinachokoma ni makosa.

Mpangilio wa pili ni `net.ipv4.ip_local_port_range`. Ukiupanua uanze 1024 hadi 65535, unapata poti 64,512, na kikomo chako kinapanda hadi takribani miunganisho 1,075 kwa sekunde.

Unagusa nini. Mistari miwili ya sysctl na ruhusa ya root. Msimbo hauguswi. Kama programu iko ndani ya kontena, kumbuka kontena lina mazingira yake ya mtandao. Kubadilisha kwenye mashine mwenyeji hakufiki ndani, lazima uweke kwenye kontena lenyewe. Kwenye Windows hali ni finyu zaidi: poti za kawaida ni 49152 hadi 65535, jumla 16,384, na muda wa kusubiri hubadilishwa kwenye rejista kwa `TcpTimedWaitDelay`, unaokubali sekunde 30 hadi 300.

Inaweza kuvunja nini. Ukianzia poti 1024, siku moja muunganisho unaotoka utachukua 8080 muda mfupi kabla huduma yako mwenyewe haijawashwa upya, na huduma itakataa kuanza. Poti za huduma zako ziweke kwenye `ip_local_reserved_ports`. Usipunguze `tcp_max_tw_buckets` ili orodha ionekane fupi. Hapo kerneli inaziua soketi kabla ya wakati, na unarudishiwa hatari ileile ambayo TIME_WAIT ilitungwa kuizuia.

Kisha kuna `tcp_tw_recycle`. Ukiiona kwenye maelekezo yoyote, jua ni ya zamani: iliondolewa kabisa kwenye Linux 4.12, mwaka 2017. Ilikuwa inatupa kimyakimya maombi ya wateja walioko nyuma ya anwani moja ya IP, kwa sababu mihuri ya muda ya simu moja hailingani na ya nyingine. Kwetu, ambako watu wengi huingia mtandaoni kwa simu na kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, maana yake baadhi ya wateja wanapata huduma na wengine hawapati, bila mpangilio wowote unaoeleweka. Kama bado una seva yenye kerneli ya zamani namna hiyo, kagua leo kama imewashwa.

Inamfaa nani. Mwenye programu aliyoinunua bila msimbo wake, au mwenye moto unaowaka sasa hivi anayehitaji nafuu ndani ya dakika tano. Kwa mwenye msimbo mkononi, naiona kama ya kununua muda.

## 3. Soketi ya Unix

Inafanya nini kwa soketi. Inaondoa TCP yenyewe. Programu na hifadhidata zinawasiliana kupitia faili kwenye mashine ileile, hakuna poti inayotumika na hakuna TIME_WAIT.

Unagusa nini. Mara nyingi mstari mmoja wa mipangilio. Kwa MySQL na PHP, tofauti yote iko kwenye neno moja: ukiandika `localhost`, maktaba inatumia faili la soketi, ukiandika `127.0.0.1`, inatumia TCP. Java haifuati hivyo. Kiunganishi chake cha MySQL kinatumia TCP hata ukiandika `localhost`. Kwa PostgreSQL kwenye Debian na Ubuntu, mahali pa jina la seva unaweka njia ya saraka, `/var/run/postgresql`.

Inaweza kuvunja nini. PostgreSQL inatazama mstari tofauti wa `pg_hba.conf`, faili linalosema nani aingie na kwa njia gani, kwa miunganisho hii, ule unaoanza na `local`, na mara nyingi umewekwa `peer`. Maana yake jina la mtumiaji wa mfumo lazima lilingane na jina la mtumiaji wa hifadhidata, la sivyo utaona `Peer authentication failed` ingawa nywila ni sahihi. Kingine: gharama ya kufungua muunganisho upande wa hifadhidata iko palepale. Na siku utakapohamisha hifadhidata kwenye mashine yake, njia hii inaishia hapo.

Inamfaa nani. Mwenye VPS (seva pepe ya kukodi) moja yenye kila kitu ndani. Kwa duka dogo la mtandaoni au mfumo wa shule unaokaa kwenye mashine moja, sijaona njia rahisi kuliko hii.

## 4. Akiba ya miunganisho ndani ya programu

Inafanya nini kwa soketi. Inazuia zisizaliwe. Programu inafungua miunganisho michache, inaiweka wazi, na kila ombi linaazima mmoja na kuurudisha. Miunganisho 470 kwa sekunde inageuka kuwa 10 inayodumu nusu saa. Hii ndiyo njia inayoponya chanzo, na zaidi ya soketi inakuondolea ule muda wa kufungua muunganisho kwenye kila ombi.

Unagusa nini. Inategemea lugha, na hapa ndipo watu wengi wanadhani wana akiba kumbe hawana.

Django, kwa mpangilio wake wa kawaida, ina `CONN_MAX_AGE` ya 0: kila ombi la mtandao linafungua muunganisho na kuufunga mwishoni. Weka 60 au 300, pamoja na `CONN_HEALTH_CHECKS` iliyokuja na toleo la 4.1. Toleo la 5.1 lina akiba kamili kwa PostgreSQL.

Go inakuja na akiba tayari, lakini inahifadhi miunganisho 2 tu isiyo na kazi, na haina kikomo cha inayofunguliwa. Fikiria maombi 50 yanafika pamoja: miunganisho 50 inafunguliwa, kazi inaisha, 2 inabaki na 48 inafungwa. Wimbi linalofuata linafungua 48 mipya. Mwenye programu anaapa kwamba anatumia akiba, na kweli anayo, huku TIME_WAIT zikirundikana. Mistari miwili inamaliza tatizo:

```
db.SetMaxOpenConns(25)
db.SetMaxIdleConns(25)
```

Java yenye HikariCP, maktaba ya akiba ya miunganisho, iko vizuri tangu mwanzo: miunganisho 10, kila mmoja ukiishi dakika 30.

PHP ni kisa tofauti, maana ombi likiisha vitu vyake vyote vinasafishwa. Inachoweza ni miunganisho ya kudumu, mmoja kwa kila mchakato wa FPM (huduma inayoendesha michakato ya PHP): kwa mysqli unaweka `p:` mbele ya jina la seva, kwa PDO unawasha `ATTR_PERSISTENT`. Kati ya hizo mbili, mysqli husafisha muunganisho kabla ya kuutumia tena. PDO haifanyi usafi huo wote, kwa hiyo jedwali la muda au mpangilio uliowekwa na ombi moja unaweza kukutwa na ombi la mtu mwingine kabisa.

Inaweza kuvunja nini. Kuna mambo mawili makubwa. La kwanza ni hesabu. PostgreSQL inakubali miunganisho 100 kwa kawaida, MySQL 151. Seva 4, kila moja ikiwa na michakato 8, kila mchakato na akiba ya 10, jumla ni 320. Umetoka kwenye kuishiwa poti, umeingia kwenye `too many clients already`. Zidisha kabla ya kupandisha namba yoyote, tena kumbuka kwamba wakati wa kupandisha toleo jipya, michakato ya zamani na mipya huwa hai kwa pamoja.

La pili ni muunganisho uliokufa bila programu kujua. MySQL hufunga muunganisho uliokaa bure kwa sekunde 28,800, yaani saa 8. Mfumo wa ofisi unaolala usiku kucha unaamka asubuhi, na mfanyakazi wa kwanza anakutana na `MySQL server has gone away`. Kwenye wingu muda ni mfupi zaidi: lango la NAT la AWS, linalopitisha mashine nyingi kwa anwani moja, linakata muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 350. Weka uhai wa muunganisho kwenye akiba uwe mfupi kuliko kikomo kifupi kabisa kilichopo njiani.

Inamfaa nani. Mwenye msimbo wake, katika lugha ambayo mchakato unaishi muda mrefu: Java, Go, Python, Node, .NET. Haimfai sana mwenye michakato mingi midogo, au kazi za dakika moja zinazoanzishwa na cron na kufa.

## 5. Proksi ya miunganisho katikati

Inafanya nini kwa soketi. Inategemea umeiweka wapi. PgBouncer (poti 6432) kwa PostgreSQL, au ProxySQL (poti 6033) kwa MySQL, hushikilia miunganisho michache ya kudumu na hifadhidata, huku wateja wengi wakiingia na kutoka upande wa mbele.

Ukiiweka kwenye mashine ya hifadhidata, na PHP yako inaendelea kufungua na kufunga kupitia TCP kwa kila ombi, TIME_WAIT zitabaki kwenye seva ya programu vilevile. Kilichobadilika ni poti tu, sasa ni 6432. Hifadhidata imepumua, poti zako hazijapumua. Ukiiweka kwenye seva ya programu yenyewe na ukaifikia kwa soketi ya Unix, hali ni nyingine kabisa: kufungua na kufunga kunaishia kwenye faili la soketi, na kinachovuka mtandao ni miunganisho michache inayodumu. Kwa tatizo la soketi zinazobaki, mahali pa kuiweka pana uzito kuliko chaguo la proksi yenyewe.

Unagusa nini. Msimbo kidogo sana, mara nyingi anwani ya hifadhidata tu. Lakini umeongeza huduma nzima ya kusimamia, kufuatilia na kupandisha matoleo, na ina vikomo vyake. PgBouncer inakubali wateja 100 tu mpaka ubadilishe `max_client_conn`, na inatumia kiini kimoja cha prosesa.

Inaweza kuvunja nini. Hali ya kazi ndiyo yenye mtego. Katika hali ya kikao, ambayo ndiyo ya kawaida kwa PgBouncer, mteja anashika muunganisho mpaka atoke. Katika hali ya muamala, muunganisho unarudi mara muamala unapoisha. Unabana matumizi zaidi, lakini `SET`, `LISTEN` na kufuli za ushauri za kikao (advisory locks) haziaminiki tena. Maulizo yaliyoandaliwa mapema (prepared statements) yalikuwa tatizo pia hadi toleo la 1.21 la mwaka 2023. Kwa PHP inayofungua, kuuliza na kufunga mara moja, hali ya kikao inatosha, na sioni haja ya kujiingiza kwenye hatari za hali ya muamala. Hesabu ya kuzidisha nayo inarudi: seva 6, kila moja na PgBouncer yenye akiba ya 20, ni 120, na PostgreSQL inakubali 100.

Inamfaa nani. Wenye seva nyingi za programu, wenye lugha zaidi ya moja zinazotumia hifadhidata moja, wenye PHP yenye mzigo mkubwa, na wenye kazi fupi nyingi zinazozaliwa na kufa.

## Kulingana na hali yako

Kama huna kosa lolote kwenye kumbukumbu za programu, na idadi saa ya kilele iko chini ya elfu kumi na nne hivi, ziache. Weka tu tahadhari kwenye mfumo wako wa ufuatiliaji ili uambiwe ikifika elfu ishirini.

Kama kosa namba 99 linatokea sasa hivi na wateja wanalalamika, weka `tcp_tw_reuse` iwe 1 na upanue poti, ukiwa umehifadhi zile za huduma zako. Kisha, mambo yakitulia, amua kati ya akiba na proksi.

Kama kila kitu kiko kwenye mashine moja na huna mpango wa kuhama mwaka huu, badilisha kwenda soketi ya Unix. Ukiwa na Java kwenye mashine hiyo moja, nenda moja kwa moja kwenye akiba.

Kama unaandika Go, Django au Node na bado unaziona, kagua mipangilio ya akiba uliyonayo kabla ya kuongeza kitu kipya. Kwa Go, angalia namba ile ya 2. Kwa Django, ile ya 0. Kwa Node, hakikisha akiba inaundwa mara moja programu inapowaka, maana kuna msimbo mwingi unaounda akiba mpya ndani ya kila ombi.

Kama una PHP kwenye seva moja au mbili, jaribu mysqli yenye `p:` na uhesabu michakato ya FPM dhidi ya kikomo cha hifadhidata. Zikizidi seva tatu, au kama msimbo umeshikamana na PDO na huna imani na usafi wake, weka proksi kwenye kila seva ya programu na uifikie kwa soketi ya Unix.

Na kama programu ni ya muuzaji asiyekupa msimbo, una kerneli na proksi tu mkononi. Anza na kerneli. Proksi iweke kama hifadhidata nayo inalemewa na idadi ya miunganisho mipya, na kabla ya kuchagua hali ya muamala muulize muuzaji kwa maandishi kama programu yake inategemea mipangilio ya kikao. Asipojibu, baki na hali ya kikao.